Maji Yakijaa, Zoezi Lihamie Kichwani

Kunduchi, kwenye pwani ya Dar es Salaam, ratiba ya mazoezi hupangwa na bahari. Maji yakipwa, ufukwe unabaki mpana na mchanga unakuwa mgumu kiasi cha kubeba timu mbili. Yakijaa, uwanja hakuna. Tena maji hayana saa moja. Kupwa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo kikosi kilichokuta ufukwe mweupe saa kumi jioni siku ya Jumatatu, ikifika Ijumaa kitasubiri maji yapwe baada ya magharibi, giza limeshaingia. Ukipanda juu, kuanzia Mtongani kuelekea Tegeta, viwanja vingi vya wazi ambako watoto walicheza chandimu vimejengwa nyumba na maduka, na vichache vilivyobaki vinagombewa na timu nyingi kwa jioni moja.

Vijana wanaojiandaa kwa ligi za mchangani na mashindano ya ndondo wanalijua tatizo hili kuliko mimi. Siku maji yamejaa kocha anatuma ujumbe kwamba leo hakuna mazoezi, kila mtu anabaki kwao na simu yake, na siku inayofuata wanaanza upya kuelezana nani anamkaba nani kwenye kona. Ushauri wangu kwao na kwa makocha wao ni kwamba siku hiyo isifutwe. Pumzi haijengwi barazani, wala mguu wa kushoto haunyooki kwa kukaa. Lakini mbinu, yaani nani aende wapi, aende lini na kwa nini, hufundishika vizuri mtu akiwa amekaa, macho ameyafumba na mikono yake inafanya kazi.

Jambo hili limepimwa kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Deborah Feltz na Daniel Landers walikusanya tafiti 60 kuhusu mazoezi ya akilini, wakakuta faida yake ni kubwa zaidi kwenye kazi zinazodai kufikiri kuliko zinazodai nguvu. Mwaka 1994 James Driskell, Carolyn Copper na Aidan Moran walifanya uchambuzi mwingine wa aina hiyo. Walithibitisha kwamba zoezi la akilini linasaidia kweli, kwamba peke yake halifikii zoezi la mwili, na kwamba faida yake hupungua siku zinavyopita bila kurudiwa. Mchezaji anayeyashika hayo hatapotea: atumie akili kujifunza mpangilio, asiache kukimbia siku maji yakipwa, na asipitishe wiki mbili bila kurudia alichojifunza.

Anayetaka kuona akili ikitangulia mkono aende kwenye kijiwe cha bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na fundi wa bao la Kiswahili hagusi kete mpaka ameshaona kichwani zitakula wapi, zitazunguka vipi na zitalala shimo gani. Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuatilia mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya ufundi wao. Fundi ameona mitaji mingi hadi mpangilio wa kete unamjia wote kwa pamoja, hana haja ya kuhesabu shimo moja baada ya jingine. Michezo ya mbio haitofautiani sana na hapo. Mwaka 1980, nchini Canada, Fran Allard na wenzake waliwaonyesha watu picha za mpira wa kikapu kwa sekunde chache kisha wakawaomba waonyeshe kila mchezaji alikuwa amesimama wapi. Waliozoea kucheza kikapu walikumbuka vizuri zaidi, lakini pale tu picha ilipotoka kwenye shambulizi lililopangika. Kwenye picha ambazo wachezaji walikuwa wametawanyika bila mpango, ubora wao haukuonekana.

Hapo pana onyo ambalo makocha wengi hulipita. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili afumbe macho na "kuuona mchezo" kama kichwani mwake hakuna mchezo wa kuonwa. Ataona wachezaji ishirini na wawili wakikimbilia mpira mmoja, na huo ndio mchezo atakaoufanyia mazoezi. Kwanza aone mbinu yenyewe kwa macho, imechorwa mchangani au imepangwa kwa vizibo vya soda juu ya benchi, hatua moja moja. Baada ya hapo mikono. Macho yafumbwe mwisho.

Mikono ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi, na mimi ndiyo ninayoiamini zaidi. Mwaka 2001 Susan Goldin-Meadow na wenzake, huko Marekani, waliwapa watoto na watu wazima orodha ya kukumbuka huku wakieleza walivyotatua hesabu. Walioachwa watumie mikono wakati wa kueleza walikumbuka mengi zaidi kuliko waliozuiwa. Mkono unaposema sehemu ya jambo, kichwa kinapata nafasi ya kubeba sehemu nyingine. Na mbinu ya mpira ni mzigo mkubwa kwa kichwa: watu kadhaa, wote wanatembea, na mpangilio wa nani anatangulia ndio kila kitu.

Chukua mbinu moja tu, tuseme ile ya winga wa kulia kuingia ndani na beki wa kulia kumpita kwa nje. Fungua kiganja cha kushoto mbele yako, kikiangalia juu, vidole vikielekea mbele. Hiyo ndiyo nusu ya uwanja ya wapinzani. Kifundo cha mkono ni mstari wa kati, ncha za vidole ni mstari wa goli lao, ncha ya kidole cha kati ni goli lenyewe, na ukingo wa kidole kidogo ni mstari wa pembeni wa kulia. Lete mkono wa kulia juu yake, kiganja kikiangalia chini. Kidole cha shahada ni winga, cha kati ni beki. Winga yuko penye shina la kidole kidogo, ana mpira. Beki yuko nyuma yake, karibu na kifundo. Sasa winga anaanza: kidole cha shahada kinakata kuelekea katikati ya kiganja, polepole. Beki wa wapinzani usimpe kidole, mwone tu akigeuza nyonga kumfuata winga. Akishageuka, kidole cha kati kinachomoka na kupita ukingo wa nje mpaka ncha ya kidole kidogo. Winga anampa mpira, na krosi inakwenda nguzo ya pili, kwenye ncha ya kidole cha shahada cha kushoto, ambako mshambuliaji anafika.

Kiini cha mbinu hii ni ile nukta ya beki wao kugeuka. Beki wetu akitoka mapema, anakwenda kusimama pembeni na adui anawaona wote wawili mbele yake. Akichelewa, winga ameshazibwa na hana wa kumpa. Kocha anaweza kulisema hili msimu mzima na bado vijana wakatoka mapema, kwa sababu maneno huja moja baada ya jingine na mwendo wa watu wawili huja kwa pamoja. Ukitumia vidole, hakuna njia ya kukwepa uamuzi: ni wewe unayekiachia kidole cha pili, na ni lazima ujue unakiachia kwa kuona nini.

Rudia macho yakiwa wazi mpaka vidole havisiti. Kisha fumba macho, vidole viendelee. Kisha punguza mwendo wa vidole mpaka unakuwa mdogo kabisa. Mwisho weka mikono mapajani na uache mbinu ipite yenyewe kichwani. Ikikatika katikati, usilazimishe, rudisha mikono. Anayecheza beki aongoze pia kidole cha winga, na winga aongoze cha beki, maana kila mmoja anatakiwa kujua mwenzake anasubiri nini. Kwa upande wa kushoto wa uwanja badilisha mikono tu, kiganja cha kulia kiwe uwanja, na kila kitu kitakaa mahali pake.

Mbinu ikishakaa, iharibu kwa makusudi. Mwite rafiki, aweke kidole chake juu ya kiganja chako awe beki wa wapinzani. Yeye ndiye anayeamua: anamfuata winga, au anabaki nje na kumziba anayepita? Akibaki nje, winga asitoe pasi ya pembeni kwa mazoea, maana njia ya kati imefunguka na anaweza kupiga au kumpenyezea mshambuliaji. Hapa mchezaji anajifunza kusoma. Vijana wawili barazani wanaweza kulifanya zoezi hili kwa dakika chache na wakakutana na maamuzi mengi kuliko watakayoyapata kwenye mechi nzima, kwa kuwa winga wa mitaani anaweza kumaliza kipindi bila kupata mpira wa kutulia hata mara tatu.

Mpaka hapa mchezaji anaangalia uwanja kutoka juu, kama kamera ya televisheni. Ni mahali pazuri pa kujifunzia umbo la timu, lakini siku ya mechi hakuna anayeona kutoka juu. Hivyo lazima ashuke aingie ndani ya macho yake mwenyewe: amesimama pembeni kulia, mstari mweupe uko chini ya bega lake, mbele yake kuna mgongo wa winga mwenzake na mbele ya huyo kuna jezi ya adui. Ageuze kichwa ndani ya taswira hiyo. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amechunguza kwa miaka jinsi viungo wakubwa wanavyotazama pembeni na nyuma yao kabla mpira haujawafikia, na wachezaji kama Xavi na Frank Lampard wamekuwa mfano wa tabia hiyo. Taswira isiyo na shingo inayogeuka inafundisha uvivu wa macho.

Kwa zoezi la namna hii tuna mfano wa nyumbani. Tarehe 1 Machi 2020, kwenye fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala kule Temeke, aliifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Manchester City baada ya krosi ya Anwar El Ghazi. City walishinda 2-1, lakini goli lile linafaa kufundishia. Litafute kwenye simu, litazame, kisha lisimamishe kabla El Ghazi hajapiga krosi. Fumba macho uwe Samatta. Mabeki wako wapi? Nafasi iko mbele yao au nyuma yao? Unaanza kukimbia mpira ukiwa bado mguuni mwa mwenzako, au ukiwa angani? Eleza kwa mikono, kisha achia picha uone kama ulikuwa sahihi.

Muda nao upimwe. Mwaka 1989 Jean Decety, Marc Jeannerod na Claude Prablanc walionyesha kwamba mtu akifikiria kutembea hadi alama fulani, muda anaotumia akilini hukaribiana sana na muda wa kutembea kweli. Tumia jambo hilo kujikagua. Siku maji yamepwa, mwenzako akupime kwa saa ya simu unapokimbia kutoka nafasi yako ya beki hadi mahali pa kupigia krosi. Siku yamejaa, ikimbie mbio hiyohiyo akilini, ubonyeze saa ukianza na ukifika. Ukikuta akilini umefika kwa nusu ya muda, taswira yako ni ya mtu asiye na miguu, na itakudanganya kuhusu lini utoke.

Kwa wachezaji wa pwani kuna hatari moja zaidi. Mpira kwenye mchanga haudundi sana, na mguu unazama kidogo; mechi nyingi za mashindano ziko kwenye viwanja vya udongo mgumu ambako mpira unaruka hadi kifuani na kuteleza mbali. Anayefanya mazoezi ya akilini kwa kumbukumbu ya mchanga anajiandaa kwa mechi isiyokuwepo. Mwaka 2001 Paul Holmes na David Collins walipendekeza kwamba zoezi la akilini lifanane na mchezo halisi kadiri iwezekanavyo: mkao wa mwili, mazingira, kazi yenyewe, muda, hisia, na upande unaotazamia. Kwa hiyo simama, usilale. Vaa njumu kama unazo. Kama mechi ni kwenye kiwanja usichokijua, nenda kakitazame mapema, uone jua la saa kumi linampiga kipa wa upande gani na wapi pana mashimo. Wayne Rooney alieleza mwaka 2012 kwamba kabla ya mechi humuuliza mtunza vifaa watavaa jezi, bukta na soksi za rangi gani, ili usiku wa kuamkia mechi ajione uwanjani akiwa na rangi hizohizo. Mtu aliyefunga magoli mengi vile hakuona aibu kuuliza rangi ya soksi.

Kwa kocha, nina maneno machache kuhusu mikono yake mwenyewe. Ukiwafundisha vijana huku umewakabili, kulia kwako ni kushoto kwao, na nusu yao wataondoka na mbinu iliyogeuka. Geuka nao, wote muelekee goli moja, ndipo uonyeshe. Onyesha mahali wakati uleule unapotaja mahali. Mkono unaopunga tu kwa hamasa unawachosha macho. Ukimaliza kuonyesha, nyamaza. Wape muda wa kuurudia mpango kwa mikono yao wenyewe, uzunguke ukitazama vidole. Kosa la mchezaji utaliona hapo, kabla halijawagharimu goli. Na kwa kuwa ufukweni upepo wa kusi hula sauti, kubalianeni ishara za mechi ambazo zinaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja: ngumi juu, tunakabia juu, viganja viwili vikishuka, tunarudi na kutulia. Chache zinatosha. Timu yenye ishara kumi haina hata moja siku ya presha.

Dada zetu wa mpira wa pete wanaweza kufaidi haya hata zaidi ya wavulana. Mchezo wao una watu saba, kila mmoja na eneo lake lililoandikwa kifuani, hakuna kutembea na mpira, na aliyeudaka ana sekunde tatu za kuuachia. Sekunde tatu ni muda mchache wa kuanza kufikiri, ila unamtosha mtu aliyekuja na picha tayari. Pasi ya katikati inayoanzisha mchezo iandaliwe mikononi: C (mchezaji wa kati) ana mpira, WA (mshambuliaji wa pembeni) anadanganya kwenda kulia kisha anakata kushoto, GA (mshambuliaji wa goli) anaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Wafanye wakihesabu moja hadi tatu kwa sauti, na pasi iwe imetoka kabla ya tatu. Shule zinazojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, zikiwa na uwanja mmoja wa kugawana na wavulana, zina kila sababu ya kujaribu.

Mwezi wa Ramadhani pia ni wakati wa zoezi hili. Kunduchi wachezaji wengi wanafunga, na kumkimbiza kijana saa kumi jioni kabla ya futari ni kumuumiza. Kipindi kifupi cha mbinu kivulini, kwa vizibo, vidole na macho yaliyofumbwa, kinaiweka timu pamoja mpaka miguu irudi. Majeruhi nao wakae humohumo, maana aliyeumia kifundo cha mguu bado ana viganja viwili.

Usirefushe. Uchambuzi wa 1994 unaelekeza kwenye dakika kama 20 kwa kipindi, na kwa vijana wadogo mimi ningekata hata kabla ya hapo, mara tu wanapoanza kuchekeana. Foleni ya barabara ya Bagamoyo inafaa kwa zoezi hili, kwa aliyekaa ndani ya daladala. Anayeendesha, aliye juu ya bodaboda au anayevuka barabara aache kabisa. Na usijifunze kukosa. Mwaka 1985 Robert Woolfolk na wenzake waliwaambia baadhi ya wapigaji wa gofu waione mipira yao ikipita kando ya shimo kabla ya kupiga, na matokeo yao yalishuka. Ukijiona unapaisha penalti, simamisha picha, irudishe mwanzo, uimalize mpira ukiwa wavuni.

Kuna watakaosema hawaoni chochote wakifumba macho. Waaminini. Adam Zeman na wenzake waliielezea hali hiyo mwaka 2015, kwamba wapo watu wenye akili timamu ambao vichwani mwao picha haziji kabisa. Mchezaji wa namna hiyo asilazimishwe wala asidhaniwe mvivu. Yeye abaki na mikono muda wote, na aongeze maneno: "namwona amegeuka, natoka, napokea, napiga." Anaweza kuijua mbinu sawasawa na mwenzake anayeiona kwa rangi.

Ili kujua kama kazi imeingia, subirini maji yapwe. Kabla ya kutoa mpira, wapange wachezaji mchangani, taja mbinu kwa jina lake, kisha waitembee kimya kimya, bila mpira na bila mtu kuongea. Atakayesimama mahali pasipo pake au kutoka kabla ya wakati ataonekana na wote, naye mwenyewe atajiona. Hao wapewe vizibo kwanza. Waliobaki wapewe mpira.